Kwani Kwenu Chake Hakuna Hodi?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga aliniandikia. Kaona picha zangu za magofu ya Ras Mkumbuu huku Pemba, akasema: "Kaka, na sisi kwetu Tongoni tuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo chungu nzima. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka, hatubakiwi na kitu. Nataka nianze kuwatembeza mwenyewe. Nianze na nini, ninunue kamera au nisajili kampuni kwanza?"

Nilicheka, dada, usinielewe vibaya. Swali hilo hilo nilijiuliza miaka minane iliyopita, na jibu nililojipa lilikuwa kamera. Kamera yenyewe niliiuza baadaye nirudishe pesa za watu. Nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Chake Chake. Nilifanya kazi hotelini Unguja miaka sita, nikaanza kwa kubeba mabegi, nikaishia mapokezi. Kila mgeni akiuliza Pemba kuna nini, namjibu kwa madaha: kuna karafuu, kuna msitu wa Ngezi, kuna kisiwa cha Misali, kuna mji wa kale wa Ras Mkumbuu. Siku moja mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Wewe huko Ras Mkumbuu umefika mara ngapi?" Nikatafuta funguo za chumba chake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuwa sijafika hata mara moja. Mtoto wa Chake, umri unakimbilia thelathini, ras iko wilaya yangu, na naijua kwa kijitabu cha watalii kilicholala mezani pa mapokezi.

Basi nikaacha kazi, nikarudi. Ya katikati hapo ya kutafuta leseni na kukopa kwa mjomba siyasimulii, mnayajua.

Kwa wasioijua: Ras Mkumbuu ni kipande chembamba cha ardhi kinachotoka upande wa magharibi wa Pemba na kujinyoosha baharini kama kidole, zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini Chake. Ukielekea huko kwa nchi kavu unapita Ndagoni. Kule nchani kuna gofu la msikiti mkubwa, pembeni yake makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, na karibu hapo wanaishi wavuvi. Ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Misali, kile ambacho wazee husema Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala, walipokosa akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala, na akasali hapo.

Mwaka 916 msafiri wa Baghdad, al-Masudi, alisafiri kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu, ambako alikuta Waislamu wakiishi pamoja na wenyeji. Wataalamu wengi wanaamini Qanbalu ni Pemba, na wapo wanaonyoosha kidole Ras Mkumbuu hasa. Aliandika kwamba bahari nyingi alizipita lakini hii ya kwetu ndiyo iliyomtisha kuliko zote. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa mambo ya kale, James Kirkman, alichimba pale rasini, na miaka ya 1980 wakaja wengine kina Mark Horton. Haya yote niliyakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri juzuu. Nikaona sasa mimi ni mtaalamu.

Safari yangu ya kwanza yenye malipo ilikuwa ya walimu watano wa historia kutoka Dar es Salaam. Walinilipa shilingi 250,000 kabla, na nusu yake ilishaishia kwenye lenzi. Ili nibane matumizi, sikuchukua boti ya bandarini Wesha. Nikamchukua nahodha mmoja anayeegesha huku ndani kwenye mikoko, bei yake ilikuwa chini. Tukapanga kuondoka saa mbili asubuhi.

Nahodha aliangalia maji, akaniangalia mimi, akasema, "Leo mwezi kumi na tano. Bamvua." Nikamwambia twende, wageni wana ratiba. Akasema tena. Nikamjibu, na maneno haya bado yananiuma nikiyakumbuka, "Kwani mimi wa kuja?"

Mtu wa pwani anayesoma hapa kashajua kilichotokea. Kwa wale wa bara: pwani yetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka mpaka karibu mita 4. Na kwetu bamvua lina saa zake, maji yanakauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Mtu unayetoka saa mbili ndani ya hori la mikoko siku hiyo, unakimbizana na maji na maji yana mbio kuliko wewe. Saa tatu na nusu tulikuwa tumekwama. Nahodha akasukuma kwa upondo mpaka ukabaki umesimama wenyewe kwenye matope. Kisha akalala, akafunika uso kwa kofia.

Tukakaa pale mpaka maji yaliporudi. Jua la Pemba, walimu watano, chupa tatu za maji. Mmoja akajaribu kushuka, akazama mpaka gotini, kiatu cha kulia kikabaki huko chini. Mwalimu mwingine, Mungu amlipe, alitufariji kwa kusema kwamba hata Vasco da Gama alikwama mwaka 1498 jahazi lake la São Rafael lilipopanda mwamba huko pwani ya Tanga, na mwaka uliofuata wakalichoma moto huko huko. Nahodha akafunua kofia: "Hili langu hamlichomi."

(Dada wa Tanga, hilo jahazi lilikwama mbele ya kwenu. Ukiwa na wageni anza na kisa hicho, kinachekesha.)

Tulifika rasini wamechoka, wamenuna, mmoja ana kiatu kimoja. Nikasema hapana, nitaiokoa siku hii. Nikawapeleka moja kwa moja makaburini, kijijini sikupita, muda hautoshi. Nikaanza kuhutubia. Nikawaambia kila nguzo ni kaburi la sultani, na ya juu zaidi ni ya sultani mwenye nguvu zaidi. Niliitoa wapi? Kichwani, muda ule ule. Nikawaonyesha vile vishimo vya duara kwenye nguzo, vilivyojengewa vibakuli vya kaure kutoka mbali, nikasema Wareno ndio waliovikwapua. Hilo nalo nililitunga. Mwalimu mmoja akaokota kigae kilichotokeza ardhini akakitia mfukoni. Mwingine akakaa juu ya ukingo wa kaburi akung'ute mchanga. Mimi napiga picha.

Mzee akatokea kwenye njia ya miguu, panga mkononi na mzigo wa kuni kichwani. Akautua. Akawatazama wageni, akawasalimu kwa upole. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwatoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Chake."

"Marahaba. Kwani kwenu Chake hakuna hodi?"

Basi. Hakupaza sauti. Nimeshawahi kutukanwa na mgeni mlevi saa nane za usiku, na sikushindwa kulala. Maneno haya matano yaliniondolea usingizi wiki nzima. Yule aliyekaa kaburini aliinuka mwenyewe. Yule wa kigae alikirudisha pale pale alipokitoa, nikaona aibu zaidi, maana mgeni alielewa kabla yangu.

Mzee akasema twendeni kwanza nyumbani, hapa hapakimbii. Kijijini tukapewa madafu na muhogo wa kuchemsha na dagaa. Watu wakatuuliza majina, nani mtoto wa nani. Nilipotaja ukoo wa mama yangu ikatoka kwamba bibi mmoja pale ni wa ukoo wetu kwa upande wa babu yake. Ndugu zangu, nimewapita nikienda kuwauzia watu mawe yao. Baada ya hapo mzee akaturudisha mwenyewe makaburini, na alichotuonyesha sikikuti kwenye kitabu chochote: watu wa kijiji wanafika hapo kufanya nini, wavuvi wanashukia wapi upepo ukiwa kusi na wapi ukiwa kaskazi. Akamwambia yule mwalimu aliyekaa kaburini, "Hawa hawajahama, wamelala tu." Kuhusu masultani wangu aliuliza, "Wote hawa masultani? Na raia walizikwa wapi?" Walimu walicheka mpaka wakasahau matope. Mimi nikacheka pia, kwa meno tu.

Jioni mmoja akadai nusu ya pesa zake. Nikawarudishia wote. Ndipo kamera ikauzwa.

Sasa ushauri, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Anza na watu. Kabla ya kampuni, kabla ya nembo, kabla ya ukurasa wa mtandaoni, nenda kijijini bila mgeni. Nenda mara tatu, mara nne. Ripoti kwa sheha, au kwenu huko kwa mwenyekiti wa kijiji, mweleze unataka nini. Piga hodi. Keti. Kula unachopewa. Usiulize magofu siku ya kwanza. Miezi minne baada ya aibu ile nilikuwa nakwenda Ras Mkumbuu peke yangu na sukari kilo mbili, nakaa na yule mzee tunaangalia maji. Hakuna aliyenilipa. Pale ndipo kazi yangu ilipoanza.

Jua maji. Mwezi ukiwa na siku 8 au 9 tangu uandame ni maji mafu, kimo chake ni kidogo na yanajaa asubuhi karibu saa nne au saa tano, boti inaingia na maji na inatoka nayo bila wasiwasi. Chukua boti ya Wesha, ongeza hiyo pesa. Na nahodha akisema leo hapana, jibu ni ndiyo bwana nahodha.

Usitunge. Vijana wenzangu, hili tunalo wote, mgeni akiuliza tunaona haya kusema sijui. Uongo wa mtembezaji hauishii kwa mgeni, unarudi kijijini. Kule Mtambwe Mkuu, mji mwingine wa kale hapa Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu, nyingi za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii hii. Habari nzuri, ya kutupa fahari. Lakini ukiisimulia kama hadithi ya hazina iliyofukiwa, kesho kuna mtu na jembe kwenye kaburi la watu anatafuta "mali ya Wareno". Nimeyaona mashimo kwa macho yangu. Na kwenye magofu ya Pujini, kule kwa mtawala wa zamani Mkama Ndume, maana yake mkamua wanaume, mwambie mgeni kisa cha wake wawili na kisima chenye ukuta katikati wasionane, mwambie wazee wanasema alivyowabebesha watu mawe huku wakijiburuta kwa makalio. Lakini sema "wazee wanasema". Maneno mawili tu, yanakulinda.

Na hodi. Nimeshasema? Nasema tena. Kijana unashuka na droni, unairusha juu ya paa za watu kina mama wamo uani, kisha unaandika mtandaoni "gunduzi la ajabu Pemba". Umegundua nini wewe? Watu wanakaa pale. Wanakausha dagaa pale. Unalotakiwa kugundua ni mlango wa mbele uko wapi.

Nisifiche, kuna linalonikera. Kampuni moja, siitaji, sasa inauza safari yangu, njia ile ile, mpaka kwenye bango wameweka picha niliyopiga mimi siku ile ya walimu. Boti yao inashusha watu ufukweni, dakika arobaini, inaondoka. Hodi hawana. Mwanzo nilitaka niwashitaki. Mzee akaniuliza, "Picha yako ina nini ndani?" Nikamwambia makaburi. Akasema, "Sasa mimi nikushitaki wewe?" Nikakaa kimya, lakini roho haijatulia, sitasema uongo.

Kwa upande mwingine, mwezi uliopita nilipeleka wanafunzi 22. Kijiji kilipika, kikalipwa kwa chakula chake, vijana wawili wa pale wakaongoza msafara, mimi nikabaki nyuma na mikoba ya watoto. Hakuna aliyekanyaga kaburi. Najisifu, ndiyo, nimelisubiri hilo miaka minane.

Dada wa Tanga, umeniuliza pia pembeni: wazee wakitaka pesa je? Wape, na iingize kwenye bei tangu mwanzo, usisubiri waombe. Mimi robo ya nauli ya kila mgeni inabaki rasini, na wanajua ni kiasi gani kabla sijang'oa nanga. Wakikukatalia je? Rudi wiki ijayo na sukari.

Mimi Jumamosi hii nilikuwa na wageni wanne. Jana usiku mzee kanipigia simu: "Usije na watu, kuna matanga huku. Njoo peke yako." Nimewapigia wageni kuahirisha, wawili wamekasirika. Nakwenda kwa gari mpaka Ndagoni, iliyobaki kwa miguu. Kamera naiacha nyumbani.