Uliza Fundi: Msumeno wa watu wawili, we vuta tu

SWALI: Fundi habari za kazi. Naongoza kikundi cha watu wa kujitolea, tunasafisha njia za kutembelea msituni. Mti ukianguka njiani tunaukata kwa ile misumeno mirefu ya watu wawili. Sasa nimeletewa wageni kumi na mbili, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika msumeno, na wengine wananiuliza kwanini tunajitesa wakati misumeno ya injini ipo. Nianzie wapi ili asiumie mtu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hao wa injini waambie kuna sehemu hairuhusiwi kabisa, kule Marekani sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya nyika inakataza mitambo ya injini humo ndani, ndio maana msumeno wa mkono haujafa mpaka leo. Na hawampi mtu msumeno hivihivi, kuna ngazi za ujuzi A, B na C, na yule wa A anakata kazi nyepesi tu tena mwenye ngazi ya juu akiwa amesimama hapohapo. Huo utaratibu uige.

Siku ya kwanza usikate kitu. Chukua fimbo mbichi uikunje kwenye goti, alafu waulize upande upi umebanwa na upi umevutika. Wa ndani umebanwa, wa nje umevutika. Chukua kisu ukwaruze ule wa nje, utasikia paa, fimbo imefunguka. Gogo nalo ni hivyohivyo ila lina uzito wa kuvunja mguu. Likiwa limeegemea ncha zote mbili na katikati linaning'inia, juu ndio kumebanwa, kwahiyo ukikata kutoka juu mkato unajifunga na msumeno unanasa humo. Dawa yake ni kabari, ukishaingia kiasi cha kabari kutogusa msumeno unaigonga kwenye mkato nyuma yake, na iwe ya plastiki maana meno yakikutana na chuma umeharibu msumeno. Likiwa limeegemea upande mmoja tu, juu kumevutika, mkato unafunguka na kipande kinaanguka ghafla kabla hujajiandaa. Lililobaya kuliko yote ni gogo lililopinda kwa pembeni kati ya miti miwili, hilo likiachia linaruka kuelekea upande uliovutika, wewe simama upande uliobanwa, na wageni wako wasiliguse kabisa.

Kila mmoja achore kwa chaki palipobanwa na palipovutika kabla ya kushika mpini. Akikosea asikate, hata akinuna.

Kukata kwenyewe ni kuvuta, husukumi. Mwenzako akivuta legeza mkono msumeno uende zake, ukisukuma unajipinda na mnachoka wote wawili. Mkikaribia kumaliza kwenye mteremko, wa chini anachomoa mpini wake anapanda juu, wa juu anamalizia peke yake, na chini kule asiwepo mtu hata wa kupiga picha. Njia ya kukimbilia mmeshaisafisha kabla hamjaanza.

Kofia ngumu, miwani, glavu, buti, hayo unayajua. Lakini mi kovu langu la kidole nililipata wakati hatukati chochote, nilikuwa navua ala ya msumeno huku naongea na mtu! Kwahiyo wafundishe kubeba pia: meno yamefunikwa, yanatazama mbali na shingo, na mwenye msumeno anatembea nyuma ya wenzake wote.

SWALI la pili kutoka kwa huyohuyo: Je wajifunze kunoa?

JIBU: Hapana, sio sasa. Msumeno huo una meno ya kukata na meno ya kukwangua, na ya kukwangua yanatakiwa yawe chini kidogo sana kuliko mengine, tofauti ambayo kwa jicho huioni vizuri, mtu mwenye tupa na papara anaiua kwa dakika tano. Wao wasikilize na waangalie kinachotoka tu: msumeno mkali unatoa nyuzi ndefu za mbao, butu unatoa vumbi. Ukiona vumbi mpelekee mnoaji. Jioni wafute utomvu kwa kitambaa na mafuta ya taa, wapake mafuta kidogo, wavike ala. Bomba kuukuu la zimamoto ukilichana kwa urefu linatosha kabisa kuwa ala.