Kutuma filamu tamasha la uhuru ukiwa Kampala

Ndugu, umeuliza kama filamu yako ya dakika 14, ya mchuuzi wa soko la Owino aliyevunjiwa kibanda, inafaa matamasha ya uhuru wa mtu binafsi kama Anthem la Marekani. Inafaa. Usiongeze hotuba, kibanda kinajieleza.

Matamasha mengi hupokea filamu kupitia FilmFreeway, tovuti ya kutuma filamu kwa matamasha. Wahi mapema, ada hupanda tarehe zikisogea. Mazungumzo ya Kiganda yawekee tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Usiipandishe YouTube kwanza! Mimi nilikataliwa kwa hilo. Tuma kiungo chenye nywila. Muziki uwe na kibali cha maandishi.

Ila yule askari anayeonekana uso kwenye filamu yako, muulize wakili kabla hujatuma. Huyo mchuuzi naye, amekubali kwa sahihi?