Nimefunga, niko angani: nifuturu kwa adhana ya wapi?

Swali: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mfanyabiashara wa Kampala. Ramadhani nilikaa Dubai wiki mbili nikinunua bidhaa, nikarudi kwa ndege ya mchana. Tukiwa angani, simu ya mwenzangu ikaadhini magharibi ya Dubai. Akatoa tende akala, na dirishani jua linawaka. Mimi nikangoja, akanicheka. Nani alipatia? Na safari ya masaa matano, umekaa kitini na mto umepewa, inafaa kupunguza swala?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah. Ulipatia wewe. Mtume (s.a.w.) amefungamanisha kufuturu na kuzama kwa jua, hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Na jua ni lile la pale ulipo. Simu haikusema uongo, ila iliwaadhinia watu wa Deira, mtaa wa Dubai, nanyi mlishaondoka. Dubai hadi Entebbe ni kilomita zipatazo 3,700, na ndege huelekea kusini-magharibi, inalifuata jua. Mchana wako ukarefuka. Isitoshe, ukiwa kilomita kumi juu utaliona jua kwa dakika kumi na kitu baada ya aliye chini yako kulipoteza. Huko huko Dubai, mwaka 2011, wanazuoni waliwaambia wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili, na walio juu ya ile ya 150 wangoje tatu. Na hilo ni jengo tu, halipai.

Mwenzako alipe siku ile. Atasema alikuwa msafiri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena pale. Na akiondoka baada ya alfajiri akiwa amefunga, hutimiza funga yake. Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Hanbali, wanamruhusu kula, nami sigombani na anayewafuata. Lakini yeye hakula kwa ruhusa ya safari, alikula akidhani jua limezama. Dhambi hana, deni analo.

Kupunguza swala hupimwa kwa masafa, si kwa jasho: maili 48 za kale, kilomita 80 na kitu. Ndiyo maana watu wetu hubishania safari ya Kampala hadi Jinja, lakini ya Arua, iliyo mbali zaidi, hawaibishanii, sembuse Dubai. Ya'la bin Umayya alimuuliza Umar (r.a.) mbona tunapunguza swala safarini na hofu ya maadui imekwisha. Umar akasema naye alishangaa hivyo hivyo, akamuuliza Mtume, akajibiwa kuwa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, ipokeeni. Sasa mto wa kwenye kiti utaifuta vipi sadaka hiyo?

Ukishuka Entebbe usiku, isha yako pale uwanjani ni rakaa mbili, maana nyumbani hujafika. Ukiichelewesha mpaka umeingia Kampala, utaswali rakaa nne.