Jogoo wa elfu tisini: namna ya kumjua kuchi halisi

Mwaka juzi nilitoa shilingi elfu tisini kwa jogoo niliyeapiwa kuwa ni kuchi damu safi, wale kuku warefu wa asili ya mapambano. Mrefu, shingo imenyooka, kilemba kiduchu. Nikamfungia na mitetea wanne wa kienyeji, wenye vilemba vya msumeno, nikakaa mkao wa kula. Vifaranga walipoanza kuota vilemba, karibu nusu walikuwa na vya msumeno kama mama zao. Nilikuwa nimeuziwa chotara.

Kosa langu ni kukiamini kilemba. Kilemba kifupi cha kuchi, kile cha mistari mitatu ya vipele, kina nguvu ya kurithiwa kuliko cha msumeno. Mwanasayansi William Bateson wa Uingereza alilionyesha hilo kwa kuku tangu 1902. Kwa hiyo mtoto wa kuchi na mtetea wa kawaida hutoka na kilemba kifupi, ukimtazama unamwona kuchi. Damu ya pili imejificha, utaiona kwa watoto wake. Kuchi kamili angenizalia vilemba vifupi karibu vyote, hata kwa mitetea wale wale. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, ingawa kinahitaji miezi na kinapima kilemba tu.

Mnadani huna miezi, basi anza na mdomo: mfupi, mnene, umepinda kama wa kasuku. Chotara wengi huharibikia hapo, mdomo unanyooka. Kisha mshike, pulizia manyoya ya kifua. Kuchi ana manyoya machache, ngozi huonekana bila kutafutwa. Hapa angalia usichanganye na kishingo, ambaye shingo yake iko wazi kabisa kwa asili yake na wala hahusiani na habari hii. Mweke chini umtazame akisimama. Kuchi husimama wima, mgongo ukiteremka kuelekea mkia. Aliyechanganywa na kuku wa nyama hulaza mgongo, kifua kimejaa, hata kama miguu ni mirefu. Umbo hilo la kusimama wima ni la kuku wa mapambano, na vipimo vya vinasaba vimemkuta kuchi akiwa na undugu na Shamo, kuku wa mapambano wa Japani.

Pitisha kidole juu ya kilemba pia. Ukikuta kovu, kimekatwa, na muuzaji ana maelezo ya kukupa.

Rangi usihangaike nayo, kuchi wapo wa kila rangi. Ugomvi nao si ushahidi. Kuna muuzaji aliwapiganisha majogoo wawili mbele yangu kama ndiyo cheti chao! Jogoo gani hapigani?

Vifaranga wa miezi miwili mimi sinunui tena. Umri huo hata chotara wa Sasso, kuku wa kisasa, ana miguu mirefu na shingo ya matumaini. Subiri miezi mitano, au nenda bandani uwaone baba, mama na ndugu zao wote. Ndugu husema zaidi kuliko kuku mmoja aliyechaguliwa akuoneshe. Hata Shinyanga, Mwanza na Tabora, walikojaa kuchi, kuku huzurura pamoja, kwa hiyo kutajiwa mkoa hakunitoshi.

Yule wa elfu tisini bado ninaye. Binti zake wanataga kuliko kuchi yeyote niliyewahi kufuga, nimeshindwa kumchinja.