Usimponye Kwenye Ukurasa wa Mwisho

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Binti yangu ana miaka 8, yuko Gredi ya 3, na ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Wenzake humwita "Macho Manjano" na wengine hawataki kunywea kikombe chake. Juzi alijikojolea darasani baada ya kunyimwa ruhusa ya kwenda choo mara ya tatu. Nimeandika hadithi ya msichana kama yeye: anaumwa, anaombewa, na mwishoni anapona na kushinda mbio za shule. Nataka iwe kitabu cha picha. Naambatisha rasimu. Niirekebishe wapi? – Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, pole kwa hayo ya shuleni, na hongera kwa kushika kalamu. Rasimu nimeisoma mara mbili. Nakuomba jambo moja kubwa: usimponye yule msichana. Binti yako atafunga kitabu na selimundu bado anayo, kisha ataanza kujiuliza amekosa nini hata yeye asipone. Wapo wachache wanaopona kwa kupandikizwa uboho wa mifupa, lakini wasomaji wako wengi wataendelea kumeza dawa na kwenda kliniki. Maombi yaache kama nyumbani mnaomba. Bibi aombe huku mama anapasha maji ya kumkanda. Mbio ziondoe kabisa, kwa maana kujikaza kupita kiasi kunaweza kumletea maumivu mtoto atakayejaribu kumwiga shujaa wako.

Hadithi yenyewe umeipita haraka, kwenye barua. Ni ile ya choo. Mtoto mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mengi, na figo zake hazishiki maji vizuri, kwa hiyo lazima atoke mara kwa mara. Nione chupa yake juu ya dawati, nusu imeisha. Nione mkono ulioinuliwa na mwalimu aliyegeukia ubao, halafu miguu inayobanwa chini ya dawati. Hofu hiyo kila mtoto wa Gredi ya 3 anaijua, awe na selimundu au asiwe nayo, na kwa mlango huo wenzake wataingia katika maisha ya binti yako. Mwalimu naye usimfanye katili. Mpe ukurasa wa kuelewa.

Maelezo ya ugonjwa yasizidi kurasa mbili. Jina lenyewe limebeba picha, ila mtoto wa Umoja huenda hajawahi kuona mundu, nyasi za shule zikikatwa kwa slasha. Basi chora mundu wa bibi kando ya seli nyekundu za damu, aone zinavyofanana. Seli za kawaida ni za mviringo na huteleza. Hizi hujikunja, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo mifupa huuma. Tena huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya siku 120 hivi, na zinapovunjika hutoa ile rangi inayoonekana machoni. Sema waziwazi kwamba mtoto huzaliwa nayo, akiwa ameirithi kwa baba na kwa mama, na kwamba kikombe hakiambukizi.

Kuhusu picha nitakusimulia kilichonipata. Miaka ya nyuma nilipeleka michoro ya kitabu changu wodini, nikaisome na watoto waliolazwa. Mchoraji alikuwa amechora dripu ikiingia mkononi, basi. Mvulana wa kama miaka 6 akaweka kidole pale pale, akaniuliza, "Na katoni iko wapi?" Akaniinulia mkono wake: ulikuwa umefungwa kwa plasta juu ya kipande cha katoni ili usikunjike, na maandishi ya kiwandani bado yakisomeka pembeni. Tulichora ukurasa ule upya. Tangu siku hiyo sipeleki kitabu kwa mchapishaji kabla hakijapita mikononi mwa mtoto anayeishi na hali hiyo.

Kwa hiyo macho ya msichana wako yawe ya manjano, mchoraji asiyapake weupe kwa kumhurumia. Manjano hafifu hupotea karatasini, hivyo chapisha nakala moja kwanza, uitazame nje mchana, ndipo uagize zaidi. Kitabu cha kubanwa kwa pini huhesabiwa kwa kurasa nne nne, 24 zinakutosha. Vipimo vya dawa usiviweke. Mwombe muuguzi wa kliniki yenu aipitie rasimu, na nyuma ya jalada waandikie wazazi kwamba mtoto mwenye selimundu akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya yote hayo, kaeni wawili, msomee binti yako. Jina lake lisiwemo. Muulize kama anakubali kile kisa cha choo kisomwe na watu. Akikataa, kiache, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote. Muulize basi kuhusu baridi ya Julai, anapoingia darasani na sweta mbili na wenzake wana moja. Hapo pia pana kitabu kizima.