Barua za Ardhi: Tukitia sahihi tusilime, mbuga itabaki yetu?

*Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji, kijana wa miaka 27, kutoka kijiji kimoja cha Simanjiro, Manyara. Viongozi wetu wameleta hoja kwamba makampuni ya utalii yatulipe kila mwaka, nasi tusilime kwenye mbuga yetu ya malisho. Wazee wamegawanyika. Baba anasema tukisaini, wajukuu zetu watakuta bango la hifadhi. Yeye anataka tulime haraka, hata kama mahindi hayatoki, ili ijulikane hapa kuna watu. Nimeshindwa kumjibu.*

Marahaba mwanangu. Hofu ya baba yako ina historia, na ukienda kumjibu anzia hapo. Tarangire ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1970, wafugaji walipoteza maji na majani waliyokuwa wakiyategemea kiangazi. Mtu aliyewahi kupoteza malisho kwa sababu alionekana hana kitu juu yake, atalima. Kwa miaka mingi shamba ndilo lililohesabiwa kuwa matumizi ya ardhi, na malisho yakaitwa pori tupu.

Lakini mwulize baba ameona nini kwa mashamba ya namna hiyo. Nimefanya kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi vijijini sehemu kubwa ya maisha yangu, nami nayajua kwa macho. Trekta la kukodi linapita mkondo mmoja tu wa plau kuzunguka eneo, katikati hapaguswi. Msimu unaofuata yanapandwa mahindi, yanakauka yakiwa yamefika magotini. Baada ya hapo eneo linakodishwa kwa mtu wa mjini mwenye matrekta yake, na ng'ombe wa kijiji wanafukuzwa mahali walipozaliwa. Malisho yamekwenda, wala si Serikali iliyoyachukua.

Kijiji cha Terrat, huko huko Simanjiro, kilikutana na swali hilihili. Mwaka 2005 kilikubaliana na kundi la makampuni ya utalii kwamba sehemu ya mbuga isilimwe, isijengwe maboma ya kudumu na isichomwe mkaa, na kijiji kilipwe kila mwaka. Ufugaji uliendelea. Kijiji kikawa na askari wake wa wanyamapori, vijana wa palepale. Ardhi ikabaki ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sikia vizuri hapo: wageni hawakununua mbuga wala hawakupewa hati. Walilipia ahadi.

Kwa nini walipie? Majani ya mbuga zenu yana fosforasi nyingi, na nyumbu anayenyonyesha anaihitaji. Ndiyo maana mvua za vuli zikianza, nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire wanakuja kwenu, wanazaa kwenu mwanzoni mwa mwaka, na kiangazi kikiingia wanarudi mtoni. Mbuga zikilimwa, hifadhi itabaki na mto na mibuyu, lakini nyumbu hawatakuwa na pa kuzalia. Nanyi mnajua zaidi yangu jinsi ya kuishi nao. Wakizaa mnasogeza ng'ombe mbali, kwa sababu ndama wa nyumbu wanabeba ugonjwa unaoua ng'ombe na hauna dawa. Ndama wakikua, mnarudi. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya mkataba wowote, na mkataba mzuri unauandika kama ulivyo.

Sasa yale ya kuangalia kabla ya kidole kugusa wino. Kwanza, muulizane kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Bila hivyo mnatia sahihi juu ya mipaka ambayo kijiji jirani kinaweza kuikataa kesho. Pili, jambo hili haliamuliwi na mwenyekiti na watu wanne ofisini. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba yenu, na kwa sheria haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Dai muhtasari wenye mahudhurio, na wanawake waonekane humo kwa majina yao. Tatu, haki ya kuchunga na ya kunywesha mifugo iandikwe waziwazi. Mkataba uliokaa kimya kuhusu ng'ombe, rudisheni. Nne, ni nani anaweza kuuvunja, na kwa notisi ya muda gani? Mkiambiwa mjifunge kwa miongo kadhaa, tafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe wa upande wa pili.

Kuna njia nyingine ya kuimarisha malisho, na mnaweza kuifanya pamoja na hiyo: hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu, waliipata mwaka 2011, na shirika la UCRT la Arusha limezisaidia jamii nyingine za wafugaji kupata hati kama hizo. Edward Loure wa UCRT alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Kijiji chenye hati ya namna hii kinaweza kumwonyesha yeyote kwamba malisho ni matumizi, na kina karatasi yake. Hilo ndilo analolitaka baba yako, na halihitaji plau.

Ninalolisisitiza zaidi ya yote, na ambalo watu wa semina hawalisemi vya kutosha, ni kazi ya kila mwaka. Nimeona mikataba mizuri ikifa kwenye kabati la ofisi ya kijiji kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia mipaka. Oktoba, kabla matrekta hayajakodiwa, askari wa kijiji na wazee wawili watatu wapite bikoni kwa bikoni, yaani kila alama ya mpaka. Bikoni iliyong'olewa irudishwe siku hiyohiyo na wapake chokaa. Wawe na daftari: tarehe, mahali, kilichoonekana, kilichofanyika, sahihi. Wakikuta mkondo wa plau, waandike na waulize ni wa nani wiki hiyohiyo. Mahindi yakishaota mtakuwa mnagombana na familia yenye njaa. Fedha zikija, kiasi kisomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na matumizi: askari wamelipwa kiasi gani, shule imepata nini. Mwaka ambao kiasi hakikusomwa ndio mwaka ambao watu wanaanza kulima, nami siwalaumu. Na sheria ndogo za kijiji zipelekwe halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe, la sivyo faini mtakayomtoza mvamizi haina miguu mahakamani.

*Hujambo mama. Niko upande wa Kitengela, Kajiado. Mume wangu aliniachia ekari 40 na hatimiliki iko kwa jina langu. Kuna kikundi kinataka nisiweke ua, wanyama wapite, nilipwe kwa ekari. Wanangu wanataka tukate ploti tuuze. Nifanye nini?*

Sijambo dada, pole kwa kuondokewa. Nitakuambia bei kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayozungumzwa nyumbani. Mpango wa malipo ya namna hiyo ulianza kwenu mwaka 2000. Ulilipa kama shilingi 300 za Kenya kwa ekari kwa mwaka, ukigawa malipo mara tatu, shule zinapofunguliwa. Ekari 40 kwa bei hiyo ni shilingi 12,000. Hakuna hesabu itakayofanya hizo zishindane na bei ya ploti karibu na Nairobi, na anayekuambia zinashindana anakudanganya. Zinakuwa na maana kama una mifugo, kwa kuwa unalipwa na bado unachunga, na jirani asiyeweka ua anakuachia nawe upite ukame ukija.

Uliza fedha zinatoka wapi. Malipo yakitegemea mradi, mradi ukiisha yanakwisha, kama yalivyokwisha kwenye mpango ule. Uliza pia ni majirani wangapi wameingia. Hifadhi ya Nairobi, ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117 tu na imezungushiwa uzio pande tatu. Wanyama wanategemea upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, kuja kwenu. Ekari zako zikiwa peke yake katikati ya nyua, mnyama hafiki.

Usichanganye vitu viwili. Kukodisha kwa miaka michache ni jambo moja, na kwa shamba la kilimo au malisho linapita Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Jingine ni sharti la uhifadhi linaloruhusiwa na sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999: mahakama inaliweka juu ya ardhi yenyewe, linaweza kuwa la kudumu, na anayenunua baadaye analikuta. Ukiona maneno ya aina hiyo kwenye karatasi, usisaini kabla ya kukaa na wanao wote mezani. Sheria inakupa haki ya kudai fidia kwa sharti hilo.

Kwa maoni yangu, kama mmoja wa watoto anafuga, kodisha kwa muda mfupi na mpe yeye kazi ya kufuatilia malipo. Kama hakuna anayefuga, uza kipande kilicho kando ya barabara, uache upande wa wanyama wazi.

*Shikamoo mama. Niko Massachusetts, Marekani. Hapa ninajitolea kwenye shirika linalotunza misitu na mabwawa. Kila mwaka tunakagua mipaka ya mashamba ambayo wenyewe waliahidi kwa maandishi hayatajengwa kamwe. Babu alituachia ngitili, yaani malisho ya kufungwa kwa msimu, huko Kishapu, Shinyanga. Naweza kuifunga hivyo?*

Marahaba. Uko mahali pake hasa: shirika la kwanza la aina hiyo lilianzishwa huko Massachusetts mwaka 1891 kwa juhudi za Charles Eliot. Ila wenyeji wako wanamiliki ardhi moja kwa moja. Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, nasi tuna haki ya kuitumia. Ahadi ya milele kwa karatasi ya mtu binafsi haina pa kusimama.

Ngitili haihitaji utaratibu wa kigeni. Usukuma ulikuwa umebaki mtupu, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 ulichofanya ni kurudi kwenye desturi hiyo hiyo ya kufunga majani masika na kuyafungua kiangazi, na miti ikarudi kwenye maelfu ya hekta. Iombeeni hati ya kimila, ngitili iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na adhabu ya kukata miti iingie kwenye sheria ndogo. Majina ya shangazi na dada zako yawemo kwenye hati. Ndugu anayeishi hapo awe msimamizi, nawe umtumie fedha ya mtunzaji kila mwaka bila kukosa.

Kama umeshachukua uraia wa Marekani, jina lako lisiwekwe kwanza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa ilimzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, basi uliza kwanza inasemaje leo. Niandikie unieleze hali yako kabla hamjapeleka fomu kijijini.