Muuguzi Mmoja na Wodi Nzima: Majibu kwa Wasomaji wa Faza na Malindi

SWALI: Assalamu alaikum, Bi Mshauri. Mama yangu alilazwa kwa nimonia katika hospitali moja ya huku kwetu pwani. Sindano aliyoandikiwa saa sita za usiku aliipata karibu na saa tisa, na nilipomwuliza muuguzi alinijibu kwa ukali. Alhamdulillahi mama amepona na tumerudi naye nyumbani, lakini ndugu zangu wanataka tumshtaki muuguzi yule kwa uzembe. Mimi niliyelala pale nilimwona hakuketi usiku kucha. Tumlaumu nani?
Msomaji, Faza, Lamu

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu, na mama Mungu amzidishie afya. Katika barua yako yote, neno lililonishika ni hilo la muuguzi kutoketi usiku kucha, nami nitaanzia hapo.

Tuseme wodi ina wagonjwa 30 na usiku ameachiwa muuguzi mmoja. Kumpima mgonjwa joto, presha na mapigo ya moyo, kumhesabia pumzi kwa dakika nzima kama inavyotakiwa, kisha kuyaandika yote kwenye chati, ni kazi ya dakika 5 hivi kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Kwa wagonjwa 30 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu, na wengi wao hutakiwa kupimwa tena baada ya saa nne. Hapo bado hajagusa dawa. Dawa nyingi za sindano huja zikiwa unga, hivyo huna budi kuzichanganya na maji, kuzivuta na kuzisukuma polepole kwenye mshipa, baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, na kipimo, njia na saa ni vile vilivyoandikwa. Kisha kuna dripu. Lita moja inayotakiwa kwisha kwa saa nane, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, hudondoka takriban matone 42 kwa dakika, na pasipo na mashine muuguzi husimama kando ya kitanda akitazama saa, akihesabu tone kwa tone, huku kidole kikikaza au kulegeza kile kigurudumu kidogo. Mgonjwa akikunja mkono tu, hesabu imeharibika.

Kwa hiyo sindano ya saa sita kufika saa tisa ni jambo la hatari, wala silipunguzi, lakini aghalabu chanzo chake ni hesabu isiyowezekana tangu zamu ilipoanza. Na kuna lililo baya zaidi ya dawa kuchelewa, nalo ni lile ambalo jamaa wa mgonjwa hawalioni. Mgonjwa wa nimonia anapozidiwa, mara nyingi pumzi huanza kwenda mbio saa kadhaa kabla hajapoteza fahamu. Muuguzi mwenye nafasi huliona hilo mapema na kumwita daktari, ilhali aliyezidiwa na kazi hufika kitandani wakati ambapo hakuna la kufanya.

Haya yamechunguzwa kwa makini. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, wakaonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Utafiti wao wa 2014 katika nchi 9 za Ulaya ulitoa kiwango hicho hicho cha asilimia 7. Jimbo la California liliweka ukomo kwa sheria, na katika wodi za kawaida muuguzi hapaswi kuwa na wagonjwa zaidi ya 5 kwa wakati mmoja. Hapa kwetu Kenya, watafiti walioketi katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi na kuandika kila kilichofanywa walikuta kwamba kadiri watoto walivyokuwa wengi kwa muuguzi mmoja, ndivyo huduma zilivyozidi kurukwa.

Huku Lamu kuna jambo la ziada ambalo wapangaji wa zamu wa bara hawalijui. Mgonjwa akipewa rufaa, kwa kawaida muuguzi humsindikiza kwa boti hadi Mokowe, kisha kwa gari safari yote, pengine hadi Mombasa. Wodi iliyokuwa na wauguzi wawili hubaki na mmoja mpaka kesho yake. Kupanga zamu bila kuiweka safari hiyo kwenye hesabu ni kuwaweka rehani wagonjwa wanaobaki, na hilo naliona kosa la wazi la uongozi.

Ukali wa muuguzi siutetei. Mwana anayemuuliza habari za mamake anastahili jibu la upole, nanyi mna haki ya kulalamika. Lakini barua yenu iandikeni kwa uongozi wa hospitali, mtaje tarehe, saa ya dawa iliyoandikwa na saa iliyotolewa, kisha muulize usiku ule wodi ilikuwa na wagonjwa wangapi na wauguzi wangapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa raia haki ya kuomba taarifa kama hizo kutoka kwa taasisi za umma. Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, kwa hiyo swali hilo hilo lipelekeni pia kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, ambako mara nyingi tunaomba majengo na kusahau watu wa kufanya kazi ndani yake.

Siku nyingine ukimlinda mgonjwa, dripu usiiguse, na muuguzi anapotayarisha dawa usimsemeshe, ila mgonjwa akianza kuhema mbio au kuchanganyikiwa, mwite papo hapo, hata akikasirika.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Asubuhi wa kunipokea asipofika, huombwa niendelee na zamu ya mchana baada ya kukesha. Nikikataa naambiwa sina utu. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Pole sana, binti yangu. Utafiti wa Marekani wa 2004 ulionyesha kwamba wauguzi waliofanya kazi kwa saa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu zaidi. Kwa hiyo unapoomba kupumzika unamtetea mgonjwa, na umwambie hivyo msimamizi wako waziwazi. Ikiwa kweli hakuna mtu kabisa na wodi haiwezi kuachwa, andika kwenye kitabu cha ripoti saa uliyoanza kazi, idadi ya wagonjwa na jina la aliyekuagiza ubaki, kisha uombe mtu wa kukupokea ndani ya muda unaotajwa kwa saa. Insulini, potasiamu na dawa za watoto usizitoe peke yako katika hali hiyo. Mwite mwenzako wa wodi jirani asome chati na chupa pamoja nawe kabla hujavuta dawa.